Aliyezaa Machi na Juni

Mama Dobi alifua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini, na katika vyumba vyake viwili walikua watoto watano, hata mmoja hakumzaa. Wazazi wao walikuwa majirani wa mtaa huu huu. Zamani jambo hilo halikuhitaji karatasi. Mtu akifa, mlango wa pili ulifunguliwa, mtoto akala, akalala, basi. Siku hizi hata huruma inagongwa muhuri.

Ikaja amri kwamba kila nyumba inayolea yatima iandikishwe, la sivyo watoto wapelekwe bweni kubwa nje ya mji. Mama Dobi akajaza fomu kwa mkono wake. Palipoulizwa "jina la mama" aliandika lake, mara tano.

Afisa ustawi, kijana mwenye viatu vinavyolia, alisimama kati ya mabeseni akisoma.

"Mama, binti huyu kazaliwa Machi. Huyu naye Juni, mwaka uleule. Ulizaaje?"

"Kwa taabu, mwanangu."

Muuza mkaa aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. "Huyo ana tumbo la sungura!"

Afisa hakucheka. "Huku ni kughushi. Au hawa watoto umewaiba?"

Pasi ilikuwa ikiunguza shati la mtu, wala Mama Dobi hakuiona. Akanigeukia mimi, ndugu wa mumewe, niliyekuwa nimekaa kando ya mabeseni. "Shemeji, nisemee."

Nimesoma vitabu vingi bila mwalimu, lakini siku ile niliinama tu, nikaiondoa pasi juu ya shati.

"Kata 'mama', uandike 'mlezi'," afisa akasema. "Mara tano, kisha utie sahihi. Ukikataa, gari linakuja leo mchana."

Mdogo wao, wa miaka sita, aliyeletwa kabla kitovu hakijadondoka, alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka akisikiliza. Wakubwa walijua mambo, wakamficha. Yeye hakuwahi kuambiwa.

Mama Dobi aliikandamiza kalamu hadi ikatoboa karatasi. Alikata, akaandika. Muhuri ukagongwa, afisa akaenda zake, watoto wakabaki.

"Mlezi ni nani?" mdogo akauliza.

"Ni mimi."

"Na mama?"

"Ni mimi vilevile."

"Mbona umemkata?"

Mama Dobi akalichukua lile shati lililoungua, akalikunja. Tangu siku ile mtoto akitaka kumwita huanza, "Ma...", kisha husita, kama anayejaribu kwa mguu ubao uliooza. Naye Mama Dobi huitikia mbio, "Abee, mwanangu!" kabla neno halijaisha, asije akachagua jingine.