Marehemu Asiyezoea Kualikwa

Serikali ya mji ilitangaza, kwa kipaza sauti na kwa mhuri, kwamba marehemu wote wa Atempan, Meksiko, watawasili majumbani mwao kula, kama kila mwaka, tarehe mosi Novemba, saa sita kamili mchana, kengele zikilia; wananchi wahakikishe milango iko wazi na mbwa wamefungwa.

Eufemia alifunga mbwa. Mchuzi mzito wa pilipili na kakao na mkate wa marehemu vilikuwa mezani, ubani unafuka, petali za rangi ya chungwa zimetandazwa kutoka barabarani hadi kwenye picha ya mumewe Ryszard, aliyezikwa mwezi Machi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye mwenyewe. Alisogeza kikombe. Akakirudisha. Akaenda mlangoni tena.

"Keti, mwenzangu," alisema jirani yake Hermelinda. "Utamtimulia vumbi."

"Huyu haji."

"Lini alikikosa chakula chako?"

"Alipokuwa hai nilimwita. Sasa ni maiti, na maiti wa kwao hawatembelei watu."

Ryszard alikuwa Mpolandi, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari. Novemba moja alimpeleka Eufemia kwao. Huko makaburi yaliwaka mishumaa kama mji mzima, watu wakasimama kwenye baridi bila kusema neno, kisha wakaenda zao. Eufemia aliuliza marehemu watakula nini.

"Wamekufa, Eufemia," Ryszard alijibu kwa upole. "Sisi ndio tunaowaendea."

Maisha yake yote aliwaona Wameksiko kama watu wanaosumbua waliolala, ingawa mkate wa hao waliolala aliula bila kusita.

"Yuko kaburini ananisubiri," alisema Eufemia. "Kimya. Na njaa."

Hermelinda alifikiri. "Kwa haya alizokuwa nazo, atasubiri mpaka Krismasi bila kumuuliza mtu njia."

"Ndivyo hivyo."

Eufemia alichukua mshumaa na kapu la petali zilizobaki.

"We mwanamke! Kengele zilie nyumba haina mwenyewe?"

"Kaa wewe. Akija mwingine, mpe mkate."

Kaburini aliwasha mshumaa, akasimama bila kusema neno, kama kule kwao Ryszard, kadiri alivyoweza. Hakuweza sana.

"Haya, inuka. Chakula kinapoa."

Kengele zilimkuta ndiyo kwanza anatoka kwenye lango la makaburi, akidondosha petali nyuma yake. Ryszard alikuwa na goti bovu, kwa hiyo alitembea polepole, akisimama kwenye kila kivuli. Waliingia nyumbani saa nane na nusu.