Nilivyowafundisha wagonjwa adabu mbele ya wafadhili wa utafiti wa mapafu, Usoke enzi za Mwingereza

Wakuu, heshima zenu. Wadogo zangu marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Juzi humu kuna kijana aliuliza wapi pa kupata fedha za utafiti wa magonjwa ya mapafu. Mkampa links, na kejeli juu. Mimi links sina. Nina kisa cha siku fedha hizo zilipotufuata zenyewe kijijini kwa treni, na mjinga mmoja akakaribia kuzirudisha zilikotoka.

Mjinga mwenyewe ndiye anayewaandikia.

Nilishavuka themanini, naishi Ipuli hapa Tabora, naandika kwa kidole kimoja. Mashahidi wangu wote wako makaburini, kwa hiyo mkitaka kubisha bisheni tu, hamtapata upinzani. Ila nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Usoke. Nilikuwa dresa kwenye zahanati ya misheni. Dresa kazi yake ni kufunga vidonda na kugawa vidonge anavyoambiwa agawe. Lakini kwa kuwa nilikuwa na kaptula nyeupe iliyonyooka pasi na Kiingereza cha darasani, nilijiona nusu daktari. Nusu iliyobaki nilikuwa nasubiri serikali iigundue.

Baba yangu, mzee Maganga, alikuwa mchochea moto kwenye mabani ya tumbaku. Kwa msiojua, bani ni jengo la kukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Moto ule haulali, na anayeuchochea halali.

Alikuwa anakohoa. Anakohoa hadi anashika ukuta, halafu anatema mate pembeni na kusema ni vumbi. Wenzake wa mabani nao walikuwa hivyo hivyo, na wake zao pia.

Daktari wetu, Mzungu mpole aliyekuja kila wiki kutoka mjini, alikuwa na swali moja tu lililomkosesha raha. Hawa watu wameharibiwa na moshi au wana kifua kikuu? Kifua kikuu kilishapata dawa wakati ule. Mapafu yaliyoliwa na moshi hayakuwa na dawa. Kwa sikio tu hakuweza kutenganisha, alitaka mashine ya kupiga picha za kifua, na serikali ilimwambia haina pesa.

Basi akaomba kwa wafadhili wa huko kwao Ulaya waliokuwa wanatoa fedha za utafiti wa mapafu. Wakajibu kwamba watatuma watu wawili waje kujionea. Nyie mnaita site visit.

Tukipata, mashine inafungwa Tabora na watu wa Usoke wanakuwa wa kwanza. Tukikosa, fedha zinakwenda kwa daktari mwingine aliyeomba huko pwani.

Daktari akanipa kazi moja. Nikusanye watu wanaokohoa.

Wakuu, kazi hiyo ungemtuma kichaa angeifanya vizuri. Lakini mimi nilikuwa na akili nyingi.

Kuna kitu nilipaswa kukikumbuka. Unyamwezi mzima, mtu wa kukusikiliza kifua tulimjua kwa jambo moja. Walipokuja kuandika manamba wa mashamba ya mkonge, kijana alivuliwa shati na kuwekewa mpira kifuani, na aliyekohoa alirudi nyumbani bila kazi. Babu zetu nao walikuwa wapagazi wa misafara, watu wa kubeba pembe kutoka huku hadi pwani kwa miguu. Mpagazi mwenye kikohozi nani atampa mzigo? Kwa hiyo kwetu ukiona ule mpira, unabana kifua. Hatukufundishwa na mtu.

Mimi badala ya kuwaeleza kwamba safari hii anayetakiwa ni yule anayekohoa, nikawakusanya nikawapa hotuba ya adabu.

Nikawaambia wanakuja wageni wakubwa, tusiaibishane. Waoge. Wavae vizuri. Wasiteme mate ovyo. Asiye na nguo ya maana aende kwa Fundi Salumu, mshona nguo wa pale stesheni, Mzaramo aliyekuja na reli akanogewa. Na kwa kuwa mimi ni mwerevu, nikapitisha kibuyu cha asali kila mtu alambe alainishe koo.

Siku ikafika. Wageni walikuwa bwana mmoja mrefu mwenye soksi hadi magotini na mama mmoja mkimya aliyetazama kila kitu. Waliwakuta wagonjwa wangu wamekaa kwenye mabenchi mbele ya zahanati, wamependeza kama wajumbe wa harusi. Kanzu zimenyooka. Nywele zimepakwa mafuta. Mashavu yamejaa asali.

Kimya. Hata kuku walikuwa na kelele kuliko wao.

Bwana yule akauliza ni wangapi wanakohoa usiku. Nikatafsiri. Hakuna aliyejibu, kwa sababu ukiwa na asali mdomoni na kifua umekibana, utajibu na nini?

Akamgeukia baba, ndiye mkubwa wao. Baba akameza asali taratibu, akakaa wima.

"Waambie hapa wote wazima, mwanangu," akasema. "Waambie tuna nguvu za kazi."

Na mimi, dresa hodari, nikatafsiri neno kwa neno. Kwa lafudhi nzuri kabisa.

Daktari alinitazama. Kwa miaka yote niliyoishi nimetukanwa na watu wengi, wakiwemo humu, lakini sijawahi kutazamwa vile. Akajaribu kueleza. Yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima na kuanza kufunga mkoba wake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama baba, mishipa ya shingo imemsimama, macho yamemtoka kwa kubana kikohozi, na nikaona kwamba mashine inaondoka, na mimi ndiye ninayeisindikiza. Niliogopa, wakuu. 

Fundi Salumu hakuwa amealikwa. Alikuja kuangalia nguo zake zinavyowakaa watu. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hahitaji ruhusa ya mtu. Akapita katikati ya wageni bila kuomba njia, akasimama mbele ya baba, akamkagua kuanzia juu hadi chini.

"Mtumwa wangu," akamwambia, "nyie Wanyamwezi ni kubeba tu. Pembe za watu zimeisha, sasa mnabeba kikohozi. Hebu tua mzigo, pwani umeshafika."

Mnaojua utani mnajua sheria yake. Mtani akikusema huruhusiwi kununa. Unacheka, au unamrudishia.

Baba alijaribu kumrudishia. Akafungua mdomo, kicheko kikamtoka kwanza, na nyuma ya kicheko kikafuata kikohozi cha wiki nzima. Akainama na kanzu yake mpya. Wa pembeni yake akacheka, akakohoa. Benchi la pili likapokea. Asali ikaruka. Ndani ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa unakohoa na kucheka, wanawake wameshikana mabega, na kwenye khanga ya mama mmoja nikaona damu.

Mama mgeni naye aliiona. Akamshika mwenzake mkono, na mkoba ukafunguliwa tena.

Daktari akaniuliza yule mtu amesema nini. Nikamwambia amewakaribisha wageni. Kutafsiri nako kuna mipaka yake.

Fedha zilitoka. Mashine ikaja kwa treni, ikafungwa Tabora mjini, na watu wetu wakapelekwa kwa zamu. Wengi walikutwa na kifua kikuu, wakaanza sindano, wakapona. Yule mama wa khanga alizaa watoto wengine baada ya hapo.

Kwa baba yangu, ilikuwa moshi. Picha ilipotoka, daktari aliishika juu kwenye mwanga, akaigeuza akaitazama tena, na mimi nikajua. Wenye mabani waliniruhusu kumtoa kazini, basi, hilo tu ndilo lililowezekana. Alipata msimu mmoja wa kulala usiku kama watu wengine, akafariki kabla ya mvua. Mpaka leo linaniuma kwamba mashine ile niliitaka kwa ajili yake, na yeye ndiye haikumfaa.

Siku ya maziko Fundi Salumu alikuja kutimiza haki yake ya mtani msibani. Akajilaza chini kando ya kaburi, akajaza mashavu, akatoa macho, akabana kifua, akamwigiza baba alivyokuwa siku ile mbele ya wale Wazungu. Mama yangu, aliyekuwa analia tangu jana yake, akaanza kucheka. Wote tukacheka.

Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Nikakohoa hadi nikashika mti.

Salumu akaacha utani. Akainuka, akajikung'uta mchanga, akanitazama.

"Huyu naye apelekwe kwenye mashine," akasema.

Wakuu, nilikuwa nimesindikiza watu wa Usoke kwenda kupigwa picha, treni kwa treni, na kifua changu sikukipeleka hata siku moja. Nilijiambia mimi ni dresa, kikohozi changu ni cha kazini. Nikaenda kwa aibu ya kuambiwa na mshona nguo. Ilikuwa kifua kikuu, tena kimeshajenga nyumba. Nilichomwa sindano mwezi baada ya mwezi hadi nikasahau kukaa vizuri kwenye kiti. Ndiyo maana leo nipo hapa nawachosha.

Kijana uliyeuliza, ushauri wangu ni huu. Andika proposal yako vizuri, lakini wafadhili wakija usiwavalishe wagonjwa nguo za sikukuu. Mficha uchi hazai, wahenga walishamaliza. Na kabla hujapima mapafu ya watu, anza na yako.

Wenye visa vya wafadhili, au vya watani waliowaokoa, wekeni hapa chini nisome. Matusi pia yanapokelewa, nimeyazoea.

Mimi mtani wangu alitangulia miaka mingi iliyopita. Siku ya maziko yake zamu ilikuwa yangu. Nikaketi kando ya kaburi, nikajifanya nakanyaga cherehani na kushona kanzu za wagonjwa, huku nalalamika kwamba Mzaramo amelala saa za kazi.

Watu walicheka sana. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, na sikukohoa hata kidogo.