Paluku Akapata Mukubwa

Kule Bungulu, mu Beni, kuko salle moja ya video ya mabao na mabati, na mu ile salle, miaka kumi na moja yote, sauti ilikuwa ya Jokébed. Ukimukuta asubui anauza makala ya kupikia, mwanamuke mufupi, mikono nyeusi mupaka kwenye viwiko, huwezi kusema njo yee. Mais saa nane ikifika, ananawa, anashika micro, anakaa pembeni ya baffle ya kutoa sauti. Mungereza akisema mu écran, Jokébed anamurudilia mu Swahili. Mwanaume njo yee, bibi njo yee, hata imbwa ikibweka njo yee. Kingereza aliitoa Kasese, ngambo ya mupaka, kule bazazi bake balikimbiliaka vita.

Mafilme ya bunduki na masasi bantu bale balichoka nayo zamani. Masasi beko nayo kwabo. Kitu balipenda ni comédie moja ya zamani ya Bangereza: fundi wa kutengeneza masaa, mwenye mustashi, anaishi na mama yake mu kamuji kenye mvua haiishake, na jirani anamuazimaka ngazi na hamurudishiake. Ni ile tu, na bantu banacheka mupaka banatoka machozi. Jina yake ya Kingereza hakuna mutu alijua. Siku ya kwanza kabisa, Jokébed alimuangalia: mwanaume muzima, ndugu hakuna, anatuma kila mutu sawa chef. Akamuita Paluku. Mama yake, basi, Mama Paluku.

Na kwetu jina ile haichaguliwake. Paluku ni mutoto mwanaume mwenye kutangulia mu tumbo ya mama yake. Wa pili ni Kambale. Ni hesabu, imeisha.

Mwaka huu sasa, Élysée, kijana mumoja wa Butembo mwenye ordinateur, anafika na filme mu flash. Eti Bangereza bamefufua ile comédie, nyuma ya miaka mingi, na bachezaji ni bao benye ba zamani. Salle ikagawanyika. Salomon, motard mumoja wa kubeba bantu na pikipiki, wa banc ya tatu, mwenye jina yake ya nyumbani ni Paluku vilevile, alisema baiweke haraka, bachezaji bamezeeka na sisi tumezeeka, shida iko wapi. Jokébed alikatala. Élysée alikuwa amemuonyesha kipande mu simu: Paluku na meno mupya nyeupe pee, nyumba imepakwa rangi, na bale bantu ba kuchekesha banacheka fasi hakuna kitu ya kucheka. Akasema kitu iliisha muzuri, munaenda kuifukua ya nini, munataka mufupa?

Omer, mwenye salle, hakubishana. Akamuambia wazi: aiseme, ao Élysée ataiweka na maandishi ya Kifaransa chini ya écran, na micro yake itapata mutu mwingine. Ile micro njo kitu moja tu Jokébed alikuwa nayo ya kumutofautisha na gunia ya makala. Akakubali na roho mbaya.

Siku ya Posho, njo Jumamosi, saa nane, salle ikajaa mupaka kwenye mulango. Mwanzo ikaenda. Jirani akaleta ngazi imevunjika, bantu bakapiga miguu chini. Puis mulango wa Paluku ukafunguka, akaingia muzee mumoja wa kofia, na Mama Paluku akamuangalia, akaanguka mu kifua yake, akaanza kulia. Akasema kitu mu Kingereza.

Jokébed akashusha micro.

Salle ikangoja. Kule nyuma Élysée alikuwa amesimama, mikono mu kifua, anacheka kimya, na Jokébed akaelewa kama ule kijana alikuwa ameiona yote Butembo na akamuachia shimo wazi. Angeweza kusema muzee ule ni mutoto wa baba, wa mwanamuke mwingine. Paluku angebakia Paluku. Kwetu mama njo anahesabiwa.

Akaleta micro kwenye midomo. "Mutoto wangu wa kwanza. Nilikuzaa nikiwa bado musichana, bakakunyanganya."

Hakuna aliyecheka. Salomon akasimama. "Ngoja. Wa kwanza namna gani? Na Paluku, yee ni nani?"

Jokébed akasema mu micro kama siku ile alimuona peke yake, akafikiri njo wa kwanza, akakosea. Kuanzia leo ataitwa Kambale.

Njo hapo kuliwaka. Salomon alisema mutu habadilishake Paluku sawa shati, kwani yee mwenye bamubadilishe pia? Bengine bakasema miaka kumi na moja mwanamuke huyu anabachukua sawa bazoba, bantu bajinga. Mama Adèle, muuza sombe, majani ya muhogo, wa banc ya mbele, akaita aibu, kwamba anapakaza mama wa bantu matope. Ganda ya ndizi ikapiga écran, ingine ikapiga Jokébed mu shingo. Omer akazima groupe ya umeme.

Bakabakia batatu inje, kando ya groupe yenye ilikuwa bado na moto.

"Posho yenye kuja sema ulichanganya," Omer akasema. "Muzee ni wa baba. Bantu batatulia."

"Hapana."

"Tantine, ni comédie tu," Élysée akasema.

"Weye nyamaza. Ulijua tangu Butembo." Jokébed akageukia Omer. "Siku ya kwanza, Omer, nilikosea ju sikujua. Hii nikisema, nitakuwa naongopa, na ule mama analia pale bure."

"Basi acha micro yangu."

Jokébed hakuirudisha mu mukono ya Omer. Aliitia mu matope, akaikanyaga, akaenda.

Posho iliyofuata Élysée akaweka maandishi yake. Maandishi inakimbia, na mu salle benye kusoma Kifaransa mbio ni babili ao batatu. Bantu bakakaa sawa mu deuil, sawa kwenye matanga. Mais usifikiri balikuja kumuomba Jokébed arudi. Nani! Motards bakipita kwenye makala yake banapiga klaksoni, banaita "Kambale!" Salomon alikataza bibi yake asinunue pale tena. Jokébed anabarudishia matusi ya Kingereza ya Kasese, yenye habaelewi.

Siku moja Mama Adèle akafika. Hakuomba makala. Akakaa juu ya gunia, akaangalia barabara kwanza, njo akauliza pole: ule mutoto wa kofia, alibakia na mama yake, ao alirudi?

"Sikuona," Jokébed akasema. "Flash iko na Élysée."

"Maandishi siijue, mwanangu. Wewe unaweza kufikiri, unisemee tu."

Zamani angesema. Zamani angemutengenezea muzee ule safari, chakula, na mabusu, na sauti tatu. Jokébed akamuangalia yule mama mwenye kumuitia aibu mbele ya bantu bote.

"Miye nafikirake tena hapana, Mama Adèle. Muliniponya ile ugonjwa."

Akageuka, akapimia mutu mwingine makala. Mama Adèle hakusimama. Alibakia pale, na gunia ile ilikuwa ya mwisho ya kuuza, na Jokébed hakumuambia atoke.