Mafuta ya Karafuu kwenye Bastola

Jamani, nimejiaibisha mimi, bibi mzima mwenye wajukuu. Binti yangu Rehema amezeekea kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, na juzi hapa Bagamoyo alikuwa anayaaga. Alikuwa anaongoza, imebaki duru moja. Akaniachia mkoba wenye bastola yake, akaenda kuswali adhuhuri. Nikaogopa husuda za watu, nikaupaka mpini wa bastola mafuta ya karafuu niliyoyasomea dua.

Aliporudi kulenga, bastola ikamteleza, risasi ikaingia mchangani. Kikombe kikaenda kwa mwingine.

Nikapayuka, "Wachawi nyie! Mmemroga mwanangu!"

Rehema akanusa kiganja chake, akanigeukia. "Mama, hebu nipe mkono wako."

Nikauficha ndani ya kanga. Kanga nayo ilinuka karafuu.