Mnywaji wa Madafu ya Bi Mwajabu

Mwajabu binti Sadala bin Kibwana. Kibwana ndiye aliyekata mikoko ya delta ya Rufiji mpaka mabega yakaota sugu. Sadala, mwanawe, mwaka wa gharika alivusha kwa mtumbwi watu waliokwea juu ya mapaa, na hata kuku hakuwaacha. Naye Mwajabu alilala kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, akifukuza nguruwe kwa sauti tu. Kijiji kizima cha Mtunda kinaijua sauti hiyo.

Figo zake zilipogoma, bintiye Yasmin, aliyeolewa Maskati, akamchukua. Huko hakuona la kulalamikia. Gari lilimfuata mlangoni, mashine ikamsafisha damu kwa utulivu, shuka jeupe kama sanda. Wagonjwa walitazama televisheni, kila mmoja na yake. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa nani. Ndipo alipoyakumbuka madungu, mpunga ukikaribia kuiva, watu wakiitana na kutaniana kutoka dungu hadi dungu. Asiyeitika, wenzake walishuka kwenda kumtazama. Maskati angenyamaza, nani angeshuka?

Akarudi, Yasmin akilia.

Hapa mashine ni ileile na sindano ni zilezile, ila iko Dar es Salaam, na siku za mashine humbidi atoke kabla ya adhana ya alfajiri. Mara nyingine hukuta foleni, akangoja kwenye benchi miguu ikimvimba. Lakini wagonjwa wanaitana kitanda hadi kitanda. Humwita Mama Rufiji, wanamuuliza mamba hawajambo. Kiti kikiwa kitupu, wanapiga simu.

Muuguzi alikuwa amemuonya: maji kwa kipimo, na dafu asiliguse kabisa, maana figo zikishakufa dafu huweza kusimamisha moyo. Sasa kwetu mgonjwa anatazamwa kwa nini, kama si kwa dafu? Zamda, jirani yake tangu enzi za madungu, alikuja kutoka visiwa vya delta na madafu kichwani. Akakata moja, akampa, akakaa kumtazama. Kulikataa dafu la Zamda ni kumkataa Zamda. Mwajabu akanywa. Akanywa na la pili.

Jioni moyo ukaanza kurukaruka kama samaki ndani ya mtumbwi. Wakamkimbiza hospitali ya Mchukwi, kisha mjini kwenye mashine. Akapona kwa tundu la sindano.

Yasmin akapiga simu, akasema likitokea tena atakuja mwenyewe kumchukua, wala hatamuuliza.

"Huku hakuna wa kukuletea dafu, mama."

"Ndiyo maana sikuweza kukaa, mwanangu."

Alipokata simu akamwita Sabra, mjukuu wake, aliyekuwa akichekecha unga uani.

"Mke mwenzangu, kuanzia leo una kazi. Mgeni akija na dafu, lipokee kwa mikono miwili. Kaa hapa mbele yake, ulinywe lote, uikombe na nyama. Mimi nitamshukuru kwa niaba ya tumbo lako."

Sabra akacheka. "Na wakija watano, bibi?"

"Utakunywa matano. Babu yako Sadala alivusha kijiji kizima, wewe ushindwe na maji ya dafu? Kalete kisu ukiweke hapa mlangoni. Zamda alisema leo atapita."