Geji Thelathini na Mbili

Mjomba wangu ana ofisi Bungoma na huvaa tai hata akija kwetu Kiminini kula ugali. Ndiyo maana Mama, alipouza ng'ombe wetu sokoni Chwele ili tuezeke nyumba upya kabla ya mvua, alimpa yeye pesa za mabati. Ati mwanamume mwenye tai hadanganywi dukani. Mimi nilitumwa nimsindikize Kitale. Mbele ya watu huwa siongei, kwa hivyo nilisikia kila kitu.

Mwenye duka alisema mabati yamepanda kwa sababu serikali imeongeza ushuru wa chuma kinachotoka nje. Mjomba akafurahi. Akahutubia duka zima: wacha ushuru upande, tununue vya kwetu, nchi ijenge viwanda. Mwenye duka akamwambia kwa upole kwamba hata hayo ya kwetu huja kwa meli, bamba limeviringishwa kama mkeka. Kiwanda chetu kinalipaka rangi na kulitia mawimbi, basi. Huo ndio uzalendo wa Mjomba: kukunja chuma cha wenyewe na kubandika bendera.

Geji thelathini, ndiyo namba ya unene wa bati, ilitushinda bei. Ndipo akaona thelathini na mbili, rahisi kuliko hiyo, akachekelea kama mtu aliyeokota simu.

Shida ni kwamba kwa mabati namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, kama zile waya tulisoma kwa Fizikia. Nikamvuta koti, nikamwambia polepole. Aliniangalia kama kuku ameongea.

"We si uko Form Two? Thelathini na thelathini na mbili, gani kubwa?"

Wapakiaji wakacheka. Mwenye duka hakucheka. Alikuwa anaharakisha risiti, na mabati yakishakatwa kwa kipimo hayarudishwi.

Nyumbani Mama alibonyeza bati moja kwa kidole gumba. Likabaki limebonyea.

"Ndugu yangu," akasema, "ng'ombe wangu umemgeuza karatasi."

Mjomba akajibu ati shida yetu Wakenya ni kudharau vitu vyetu.

Mama alimwambia fundi achague mabati ya zamani ambayo hayajatoboka, yale mazito ya babu, afunike chumba chetu cha kulala na upande wa kuwekea mahindi. Hayo mapya yaende sebuleni, wanapokaa wageni.

Mvua ya mawe ilitupata Mjomba akiwa hapo sebuleni, anatufundisha jinsi Wamarekani nao wametoza ushuru chuma na aluminiamu. Juu kulianza kulia kama debe la kokoto. Tukawa tunaona tu mdomo na tai vikienda. Mama akachukua kikombe chake, akaenda kukaa upande wa mahindi. Sisi watoto tukamfuata na chai yetu. Mjomba hakunyamaza, aliendelea kuvihutubia viti, na mabati yakibonyea juu ya kichwa chake.