Vigingi Thelathini na Vinane

Mji mzima ulimwita Mama Fyekeo, na jina lilimkaa hivi kwamba hata wanawe walipochukizwa naye walimwita hivyo kwa chinichini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifyeka nyasi kwenye makaburi ya manispaa. Alianza akiwa na nguvu za kumaliza safu tatu kabla jua halijawa kali. Sasa goti lilikuwa likimpangia kazi.

Makaburi yale yalikuwa na sura mbili. Upande wa lango walilala wakubwa wa zamani, chini ya mawe yaliyochongwa. Huko ndiko wageni walikopiga picha, na ndiko manispaa ilikopaka chokaa kila ilipokumbuka. Nyuma yao walilala watu wa kawaida. Huko ukuta ulibomoka ukaachwa, mbuzi wakaingia na kutoka kama kwao. Matuta yalishuka kila mvua mpaka yakalingana na ardhi, na matofali ya kuyazungushia yalikwishaenda kujenga mabanda ya walio hai. Kilichobaki kumtambulisha mtu ni kigingi cha chuma chenye bamba la namba. Majina yalikuwa kwenye daftari ofisini. Ramani ya kuonyesha namba ipi iko wapi ililiwa na mchwa zamani, na tangu hapo hakuna aliyejali kuichora nyingine.

Kila mwaka baada ya mvua, Mama Fyekeo alivikwangua vigingi kutu na kuvipaka rangi. Alikuwa na utaratibu wake: anang'oa kimoja, anakwangua, anapaka, anakirudisha shimoni mwake, ndipo anagusa cha pili. Kazi ya siku moja ikala wiki mbili.

"Mama Fyekeo," wafagiaji wa soko walimtania, "unaogopa watabadilishana vitanda?"

"Wao hawatabadilishana," aliwajibu. "Ninaowaogopa ni nyinyi mlio hai."

Mwaka huo goti lilivimba katika wiki mbaya kabisa. Tangazo lilibandikwa ofisini: Alhamisi mpimaji angekuja kuhesabu makaburi ya nyuma. Mji ulikuwa umekosa mahali pa kuzika, kwa hiyo kila eneo lisilo na namba, au namba isiyojulikana ni ya nani, lingehesabiwa kuwa wazi na kuchimbwa upya. Mama Fyekeo alilala Jumatatu nzima akigeuka kitandani, akiuliza saa, akiuliza mvua, akiuliza kama rangi ipo.

"Mama, utaumwa na moyo sasa," alisema binti yake mkubwa, aliyekuwa msusi. "Lala. Kesho sina mteja, nitakwenda mimi."

Jumatano asubuhi mama alijikokota na fimbo kwenda kuona. Safu mbili za nyuma zilikuwa zinang'aa. Vigingi thelathini na vinane, rangi nyeupe, namba nyeusi, vimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaketi chini palepale.

"Umevirudisha vipi?"

"Kwa mpangilio," alijibu binti, uso umejaa furaha. "Mia mbili na moja, mia mbili na mbili, mpaka mwisho. Nilivikuta vurugu tupu, mama."

"Umeving'oa vyote pamoja?"

"Si ndio vikauke pamoja?" Furaha ikaanza kumtoka. "Mama, nimekosea wapi?"

Namba zilitolewa kwa kufuata siku ya kufa, lakini watu walizikwa popote familia ilipopata nafasi. Mia mbili na nne alikuwa karibu na mia mbili thelathini. Vurugu ile ndiyo iliyokuwa ramani.

Binti alilia. Mama hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Walifanya kazi siku nzima, binti aking'oa, mama akionyesha kwa fimbo. "Hapa mwalimu, mke wake alipenda kukaa kwenye lile jiwe. Hapa mapacha, ndiyo sababu tuta ni pana. Hapa kinyozi, mzizi huu ulinitesa kila mwaka." Alipokwama alitafuta alama ya udongo kwenye chuma, kwani penye mwamba kigingi kiliingia kidogo na penye udongo laini kikazama. Lakini binti alikwangua vizuri mno. Alama zote zilikwenda na kutu.

Jioni vilibaki viwili, na makaburi mawili kando ya ukuta uliobomoka. Moja la mkunga wa mji, jingine la mgeni aliyefia nyumba ya wageni, waliozikwa wiki ileile. Mama Fyekeo alisimama katikati. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakukumbuka yupi alikuwa upande upi.

"Weka tu, mama," binti alinong'ona. "Nani atajua?"

"Siku nyingine nitakujibu," alisema. "Leo sina nguvu ya kukugombeza. Twende nyumbani."

Alhamisi mpimaji alifika na ubao wake wa kuandikia. Alihesabu, akafika ukutani, akaona vigingi viwili vimelazwa juu ya nyasi. Mama Fyekeo alimweleza bila kuzungusha maneno.

"Basi ni wazi hapa," alisema mpimaji.

"Mwanangu, hapa kuna watu wawili."

"Yupi yuko wapi?"

"Hilo ndilo sijui."

Mpimaji alikuna kichwa. Alisema kanuni ilimruhusu jambo moja tu: kila kaburi lenye utata liwe na ndugu wa kulitilia sahihi, la sivyo lihesabiwe wazi, na yeye angeondoka saa tisa.

Fundi cherehani, mtoto wa mkunga, alikuwa akipinda suruali dukani mwake. Mama Fyekeo alisimama mlangoni akahema kwanza.

"Fundi, nimempoteza mama yako."

Mashine ilisimama. Alipomaliza kueleza, fundi alikuwa ameikunja ile suruali mara nne bila kuitazama.

"Kazi yako ilikuwa moja, Mama Fyekeo. Moja! Na aliyeng'oa ni nani, ni wewe?"

"Ni nyumba yangu. Lawama ni yangu."

Fundi alivuta utepe wa kupimia shingoni mwake. "Mama alikuwa mrefu kuliko wanaume wa mtaa huu. Nguo yake ya mwisho niliishona mimi. Twende, nitalijua."

Hakulijua. Miiba ilimfika magotini. Alipotandaza utepe hapakuwa na mwanzo wala mwisho wa kupima. Ardhi ilikuwa sawa pote, imekanyagwa na mbuzi. Alisogea upande huu, akarudi upande ule. Utepe ukamlegea mkononi.

"Nilikuja lini mara ya mwisho?" aliuliza, sauti imepungua.

Mama Fyekeo alijua. Ilikuwa miaka minne. "Siku nyingi kidogo," alisema.

Fundi alichuchumaa. Mpimaji aliacha kutazama saa. Kisha akacheka kicheko kifupi kilichovunjika katikati. "Mwanamke amezalisha nusu ya mji. Leo mwanawe mwenyewe hajui alipolala." Akafuta uso kwa kiganja. "Leta karatasi."

Alitia sahihi mstari wa kwanza. Mkono haukuinuka, ukashuka mstari wa pili.

"Huyu wa pili ni nani wako?" aliuliza mpimaji.

"Analala karibu na mama yangu."

"Hiyo haimo kwenye fomu, fundi. Kuna mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu."

"Basi andika ndugu."

"Jina lake unalijua?"

"Wewe unalo kwenye daftari. Nisomee."

Mpimaji alimsomea. Fundi alilirudia taratibu, akaandika.

Mpimaji alipoondoka, binti alivigongomea vigingi viwili katikati ya makaburi yale mawili, bega kwa bega, mama akishika. Fundi hakuwaaga. Alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta, aking'oa miiba kwa mikono mitupu, huku na huku, pande zote mbili. Mama Fyekeo alifungua kinywa amwambie aache, hiyo ni kazi yake. Akakifunga, akampisha.